Ukurasa wa Nyumbani: Vifaranga wa Kambare Wasiokua

Askari anayenuia kuchimba bwawa la samaki kwa kiinua mgongo chake huuliza sana habari za udongo, maji na chakula. Ni nadra kuuliza habari za samaki mwenyewe, kwa kuwa anaamini kwamba kambare ni kambare. Hapo ndipo fedha hupotea. Katika nchi ya Busia na Tororo, kwenye mabonde ya mto Sio uingiao Ziwa Viktoria na ya mto Malaba ambao maji yake huelekea Ziwa Kyoga, kambare mkubwa ana jamaa zake wadogo, nao wakiwa na urefu wa kidole hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Kambare mkubwa, ambaye Waluo humwita mumi na Waganda mmale, jina lake la kitaalamu ni Clarias gariepinus. Aliitwa hivyo mwaka 1822 kwa sababu ya mto Gariep ulioko Afrika Kusini. Wenye vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki watamkuta humo kwa jina la Clarias mossambicus. Ni samaki yuleyule. Huweza kupita urefu wa meta moja, na akilishwa vema bwawani hufikia nusu kilo au zaidi kwa muda wa miezi sita hadi minane.

Wale wadogo ni wa aina kadhaa, na wanaojulikana zaidi ni Clarias alluaudi na Clarias liocephalus. Hawa, hata wakizeeka, hawapiti sana sentimeta 35, na wengi huishia chini ya hapo. Waganda huwaita nsonzi. Kiswahili chetu hapa kimepungukiwa kidogo, maana wote tumewatia katika kapu moja la kambare, na mnunuzi asiyejua neno la nsonzi hata kuuliza hawezi.

Si haki kusema kwamba kila mchuuzi ni laghai. Wavuvi wa sangara, au mbuta, huhitaji kambare wadogo walio hai wa kutia kwenye ndoano, na kwa kazi hiyo aina ya kambare haina uzito. Kinachotakiwa ni samaki achezecheze majini. Anayevua bondeni hujaza dumu lake kwa ajili ya wavuvi. Akija mfugaji akaulizia mbegu, humpimia kutoka dumu lilelile. Mvuvi amepata chambo chake sawasawa, lakini mfugaji amenunua miezi minane ya kulisha samaki ambao hawatakua.

Basi watambuliweje? Kwanza tuziweke kando dalili zisizo na maana. Sharubu hazisaidii, kwani wote wana jozi nne. Rangi nayo hudanganya: samaki wa maji ya tope huwa na rangi nyingine na wa maji maangavu nyingine, hata wakiwa wa tumbo moja. Ile michirizi miwili myeusi iliyo chini ya kichwa cha kambare mkubwa haionekani kwa watoto wake, kwa hiyo usiitafute. Wala usishawishike ukiambiwa, “Tazama huyu alivyo mgumu, amekaa tangu asubuhi katika maji kidogo.” Wote wana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, na wote huishi katika maji machache.

Chukua chupa pana ya kioo, tia maji safi, uweke samaki watano au sita, kisha uitazame kwa ubavuni penye mwanga. Kichwa cha kambare mkubwa ni kirefu na kipana. Huchukua kati ya robo na theluthi ya mwili wake pasipo kuhesabu mkia. Nsonzi ana kichwa kifupi cha mviringo, na mwili wake ni mwembamba, unaelekea kufanana na mkunga. Kwa samaki wa shubiri moja, pitisha kidole nyuma ya jicho. Paa la kichwa cha kambare mkubwa ni mfupa mtupu hadi pembeni. Kwa liocephalus utahisi sehemu laini pembeni, kwa kuwa mifupa ya hapo ni midogo na haikugusana. Jina lake maana yake ni kichwa laini.

Hata hivyo, macho ya mtu asiyezoea huweza kukosea kwa samaki wachanga. Dalili ninayoiamini kuliko zote humgharimu mnunuzi samaki mmoja. Mchague aliye mkubwa kuliko wenzake, umpasue. Akiwa na urefu wa shubiri tu naye amejaa mayai, huyo ni mtu mzima wa aina ndogo. Kambare mkubwa kwa kawaida hukomaa akikaribia sentimeta 30. Kisha inua kifuniko cha shavu utazame vimeno vilivyo kwenye matamvua. Vya kambare mkubwa ni virefu, vyembamba na vingi kama chanuo la nywele, navyo huongezeka kadiri anavyokua. Vya nsonzi ni vichache na vifupi.

Lililo bora ni kununua kwa mzalishaji, na kumwomba akuonyeshe wazazi. Kambare bwawani hazai kwa urahisi. Majike huchomwa sindano ya kuwahimiza kutaga, na dume aghalabu huuawa ili manii yake yapatikane. Mwenye kufanya kazi hiyo hana budi kuwa na wazazi wenye uzito wa kilo na zaidi. Vifaranga wake pia huwa karibu sawa kwa kimo, kwani wasipotengwa kwa ukubwa hulana.

Nsonzi si samaki wa kudharauliwa. Akikaushwa kwa moshi ni kitoweo kizuri, na kwa watoto wanaotaka kufuga samaki katika tangi la kioo sebuleni anafaa kuliko kambare mkubwa, ambaye kabla ya mwaka kwisha atalishinda tangi lenyewe. Lifunikwe tu vizuri, kwa maana usiku hutoka akatambaa sakafuni.

Aliyekwisha kuwatia nsonzi bwawani asimwage vifaranga wapya juu yao akitumaini kwamba wakubwa watawala wadogo. Mwanzoni nsonzi ndiye mkubwa, naye atawala vifaranga. Bwawa likaushwe kabisa, na matope ya chini yaachwe juani hadi yapasuke, maana kambare aliyejificha katika tope lenye unyevu huweza kuishi siku nyingi akisubiri maji yarudi.