Namba ya Ndege Kwenye Gari
Nchini Marekani, mwenye gari anaweza kulipa ada ya ziada akajichagulia herufi na tarakimu za namba yake. California inamruhusu hadi 7. Hapo ndipo wapenzi wa kuruka hujitambulisha. Mwenye ndege ndogo huhamishia garini usajili ule ule ulioandikwa ubavuni mwa ndege yake: herufi N, kisha alama zisizozidi 5, na zote zinaenea. Namba ya namna hiyo naipenda kuliko majina na majigambo, maana imebeba saa za mtu angani. Hata majimbo yenyewe yameingiwa na mapenzi haya. North Carolina, ambako Desemba 17, 1903 Orville Wright alipaa kwa sekunde 12, imeiandika fahari hiyo kwenye vibao vya magari tangu 1982. Ohio, nyumbani kwa Orville na ndugu yake, mafundi baiskeli wa Dayton, nayo ikajitangaza kuwa ndiko urukaji ulikozaliwa. Tanzania namba binafsi tunazo, ila nyingi ninazokutana nazo barabarani ni majina ya watu. Natamani sana kumwona rubani wetu akipita na 5H, alama ya usajili wa ndege zetu, mbele ya gari lake.