Sugu, Kovu na Choo cha Shambani



Mchumaji wa karafuu hukosi kumwona na sugu viganjani. Ngozi imesuguliwa na kamba na matawi hata ikajifanya nene isichubuke. Mkarafuu nao ukivunjwa tawi hujaribu kuliziba jeraha kwa gome jipya, lakini kabla halijazibika kuvu hupata mlango. Mabwana Nutman na Roberts waliandika habari hizo mwaka 1952, walipochunguza kukauka kwa matawi ya mikarafuu yetu. Ndiyo sababu hatuchoki kuwagombeza wavunja matawi.

Upo ugumu wa namna nyingine, nao umechunguzwa sana bara, katika wilaya ya Mbulu, jirani na Hanang. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21. Katika kila 100, wapatao 17 walikuwa na vifuko vya tegu. Katika Hospitali ya Haydom, huko huko Mbulu, wagonjwa wa kifafa walipigwa picha za kichwa, na baadhi yao wakaonekana na vifuko hivyo ndani ya ubongo. Mwili hukizungushia kifuko ukuta. Mdudu akifa, pahala pake huweza kubaki kidonge kigumu kama chokaa. Mdudu kesha kufa, na kifafa bado kipo.

Najua mwanachama atasema, "Sisi nguruwe hatumli, yatuhusu nini?" Nami nilidhani hivyo. Kumbe alaye nyama hiyo isiyoiva hupata tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongo hutokana na kumeza mayai ya tegu, yatokayo katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Yakishika kidole, mboga au maji, hayaulizi dini ya mlaji.

Sasa tutazame kambi zetu za wachumaji. Pishi ya kupimia ipo, majamvi ya kuanikia yapo. Choo, kwa wachache. Watu huenda kichakani, kisha hula kwa mkono. Sisemi mgeni yeyote ana tegu, wala asifukuzwe mtu. Hata mwenyeji aweza kuwa naye asijijue.

Katika mkutano wa kabla ya msimu nitaomba kila shamba liajirilo wachumaji lichimbe choo na kuweka maji na sabuni, na chama kikopeshe saruji ya sakafu, ilipwe karafuu zikiuzwa. Asiyekubali aje na hoja, si na mzaha wa nguruwe.

Katibu