Kilomita 30 Mbele ya Shule

Ndugu waamini, tumechoka kuambiwa makaburini kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamruhusu dereva nchini Tanzania kwenda kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Kwa mtoto avukaye kwenda shule, mwendo huo ni mkubwa mno. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Gari liendalo kilomita 50 hugonga kwa nguvu karibu mara tatu ya lile liendalo 30. Ndiyo maana Tamko la Stockholm la Februari 2020 lilitaka kikomo cha 30 mahali watu na magari wanapochangamana.

Wako wasemao kwamba biashara itachelewa. Itachelewa kiasi gani? Katika kilomita nzima mbele ya shule na soko, ni sekunde 48. (Nao wasemao hivyo, aghalabu, wamo ndani ya gari.)

Wala kibao peke yake hakitoshi. Pasipo tuta, ni pambo. Barabara za vijijini na mijini zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017. Halmashauri za walei zipeleke dai hili huko, kwa maandishi, kabla shule hazijafunguliwa Januari.