UKURASA WA NYUMBA: Viazi vikavu inje, laini ndani



Mwezi huu nitawaelezea aibu yangu mwenyewe, kwa sababu ndani ya aibu ile nimejifunza jambo moja ambalo litawasaidia wengi. Ni habari ya viazi vya Ulaya, vile ku soko tunaviita pomme de terre.

Mutoto wangu wa kwanza alipopata kazi ku mugodi, kwa mushahara wake wa tatu aliniletea chungu cha umeme. Si kile cha kuchemusha maji tu. Kina vifuniko viwili. Kimoja kinafunga kabisa, na chakula kinaiva kwa nguvu ya mvuke. Kingine kina waya wa moto na kipepeo ndani, kinapuliza upepo wa moto juu ya chakula. Wauzaji wanakiita «friteuse sans huile», ni kusema friteuse isiyo na mafuta. Kijana akaniambia: «Mama, umechoka na moshi ya makala. Sasa utapumzika.»

Siku ya Mungu iliyofuata, wakwe walikuwa wanakuja kuongea habari ya ndoa yake. Nikasema: leo watakula viazi vya kuoka, vya rangi ya zahabu, kama vile tunaviona ku televizyo. Nikamenya viazi kilo 2, nikavikata, nikaviosha, na maji yakitiririka bado nikavitupa vyote mu chungu kwa mara moja. Mafuta sikutia hata tone, sababu ya jina lile. Nikafinya kidude, nikaenda kuvaa.

Ba mama, vilipotoka! Vya juu vilikuwa vyeupe, na ngozi yao ngumu kama mupira. Vya chini vilikuwa vimeshikana. Vingine ndani vilikuwa bado vibichi. Nikaviweka ku meza kwa sababu kuku alikuwa tayari, na hapakuwa na kitu kingine cha kumufuatisha. Bibi wa upande wa binti akatafuna kimoja muda murefu, kisha akauliza kwa upole: «Nani ni mugonjwa hapa nyumbani?»

Watu wakacheka. Mutoto wangu hakucheka. Alitazama sahani yake. Kesho yake nikapandisha chungu kile juu ya kabati na kuwasha mbabula yangu. Aliona, hakusema neno. Miezi miwili ikapita hivyo, zawadi ya mutoto ikikusanya vumbi juu ya kichwa changu.

Ku barabara yetu anakaa muzee mumoja ambaye miaka mingi alikuwa mupishi ku nyumba ya wageni. Siku moja alipita kutusalimia, akainua macho.

«Mama, kile kitu kinafanya nini kule juu?»

Nikamwelezea yote. Akatikisa kichwa.

«Chungu hakina kosa, mama. Wewe ulikipatia maji, nacho kikafanya kazi ya kukausha maji. Ulikiachia saa gani kifanye kazi ya viazi?»

Njo neno lile ninataka mulishike leo. Muzee alinielezea hivi: maji yanachemuka ku digri 100, na kiazi chenye maji juu ya ngozi hakipiti pale. Lakini rangi ya zahabu na harufu nzuri ya kuoka vinaanza vizuri kuelekea digri 140 na kupita. Basi kiazi kikiingia na maji, moto wote unaishia kwa kufukuza maji yale. Kinaiva kwa mvuke, hakiokwi. Tena mashini ile haikaangi, hata kama jina linasema «friteuse». Ni furu ndogo yenye upepo mukali. Mafuta kidogo yanahitajika, kwa sababu njo yanayobeba moto na kuueneza juu ya ngozi ya kiazi.

Sasa njia yenyewe, kama alivyonionyesha, na kama ninavyofanya mimi hata leo. Ni njia ambayo Waingereza wanatumia tangu zamani kwa viazi vya kuoka, vile wanakula na nyama siku ya Mungu.

Kwanza, chagua viazi vyenye unga, vile vinavyopasuka vikichemushwa. Vya maji mengi havifai sana. Kiazi chenye ngozi ya kijani au chenye kuota sana, usikipatie watoto: kina sumu, na kukipika hakuiondoi. Kwa kilo 1 na nusu, menya na kukata vipande vikubwa kama sanduku la kiberiti. Vikiwa vidogo sana vitakauka mpaka ndani.

Pili, viive kwanza. Tia maji kopo moja ndani ya chungu cha umeme, weka viazi mu kikapo chake juu ya maji, funga kifuniko cha mvuke, hesabu dakika 4. Ukifungua mvuke, weka uso mbali na kitambaa mukononi. Kama unatumia sufuria ya kawaida, chemusha dakika 10 ndani ya maji yenye chumvi. Ukiwa na bikarbonati ya kupikia, tia nusu ya kijiko kidogo kwa litre 2 za maji: inalegeza ngozi ya kiazi, na ngozi iliyolegea njo inakuwa kavu zaidi baadaye. Usipitishe kipimo, kitakuwa na ladha ya sabuni.

Tatu, mwaga maji yote na uviache viazi wazi dakika 10. Ba mama wengi tunaruka hapa, kwa sababu tumboni kuna njaa. Usiruke. Utaona mvuke unapanda: ni yale maji yaliyoniaibisha mbele ya wakwe, yanakwenda zake.

Ine, rudisha viazi mu sufuria, funika, utikise mara tano au sita. Pembe zitachakaa na kufanya kama ugali mwepesi juu ya kila kipande. Usiogope kwamba vinaharibika. Ule ugali mwepesi ukikutana na mafuta na moto, njo unakuwa ganda linalolia ndani ya meno. Kisha tia mafuta vijiko vikubwa 3 na chumvi, uchanganye polepole. Tungulu saumu na majani ya harufu, tia dakika za mwisho. Ukitia mwanzo vitaungua na kuwa vichungu.

Tano, washa kifuniko cha upepo ku digri 200, kipate moto dakika 5 kwanza. Panga viazi safu moja, upepo upite katikati yao. Kama ni vingi, pika mara mbili. Dakika 20 mpaka 25 zinatosha. Geuza mara mbili. Toa vikiwa na rangi ya zahabu. Usingoje viwe vyeusi: kiazi kilichoungua hakifai kwa mwili. Kula palepale, na usivifunike, maana mvuke utarudi kuvilainisha.

Sasa neno juu ya umeme, na hapa ninawaomba ba baba pia wasome. Vyungu vya namna hii vingi vinakula wati karibu 1500. Kwa volti 220, ni ampere karibu 7. Waya mwembamba wa rallonge, ule tunaoupitisha chini ya zulia, haukufanywa kwa mzigo ule. Unapata moto, plastiki inayeyuka, na nyumba inaweza kuungua. Kichomeke moja kwa moja ku ukuta, peke yake, bila frigo wala réchaud ku prize ile. Baada ya dakika 10 gusa kichwa cha waya. Kama ni cha moto, zima, muite fundi.

Tena, muji wetu unagawana umeme na migodi, na sehemu moja inatoka mbali sana: waya wa Inga mpaka Kolwezi, uliomalizika mwaka 1982, unapita kilometa karibu 1700. Magaribi, kila mutu anapowasha, volti zinashuka. Zikifika 180, moto wa waya unabaki theluthi mbili tu. Basi kama viazi vyako ni vyeupe saa moja ya usiku, pengine kosa si lako. Pika muchana, ao ongeza dakika.

Mara yangu ya pili ilikuwa siku ya katikati ya juma. Nilifuata kila neno la muzee. Dakika 15 zilipopita, rangi ikianza kuja, taa zikazimika. Binti yangu mudogo akapiga kelele: «Mama, courant imeenda!» Nilitaka kulia. Lakini nikakumbuka kwamba kazi kubwa ilikuwa imekwisha tayari: viazi vilikuwa vimeiva, vimekauka, vimechakaa, vimepata mafuta. Nikawasha mbabula, nikapasha moto mafuta kidogo mu sufuria nzito, nikapanga viazi safu moja, nikafunika na kuweka makala yenye kuwaka juu ya kifuniko. Baada ya dakika 20, nikigeuza mara kwa mara, vikatoka vya zahabu na kulia ndani ya meno. Basi, hata nyumba isiyo na chungu cha umeme inaweza kufuata njia hii. Lakini ninyi wenye nacho, kitumieni. Miti inazidi kukatwa kuzunguka miji yetu kwa ajili ya makala, na moshi haiachi macho wala kifua cha mama.

Mutoto wangu alirudi kutoka posti ya pili karibu saa tano ya usiku. Aliona chungu chake ku meza, bila vumbi.

«Nani amekishusha?»

«Mimi,» nikamwambia. «Kaa, kula.»

Akakula bila kusema, mpaka sahani ikaisha. Kisha akauliza: «Mama, unanionyesha namna gani?» Usiku ule ule nikamupatia kisu, akamenya viazi vya kesho. Wakwe waliporudi, njo yeye alipika. Bibi yule hakuuliza tena nani ni mugonjwa. Aliuliza kama kuna vingine.

Basi vijana wanaume, ninyi wenye kusema jiko ni la dada zenu, mumesikia. Nanyi wazazi, kabla ya kulaumu kitu ambacho mutoto amekuletea kwa jasho lake, uliza kwanza kama ulikitumia vizuri. Mimi nilikawia miezi miwili kuuliza.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kuchunga unga wa mahindi wakati wa mvua, usipate wadudu. Bakieni salama.