Picha Bila Jina Ni Haki Bila Shahidi

Katika Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba wapo leo vijana wengi wanaojipatia riziki kwa kupiga picha. Wanapiga arusi, mashindano ya ngalawa, Mwaka Kogwa wa Makunduchi na wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani. Kazi hiyo inataka chombo, ujuzi na subira kama kazi nyingine yoyote. Hata hivyo, limekuwa jambo la kawaida mno picha iliyotiwa mtandaoni asubuhi kuonekana jioni katika tangazo la biashara au bango la ofisi, bila ya mwenyewe kuombwa, kulipwa wala kutajwa. Je, yafaa mpiga picha atie jina au alama yake juu ya picha? Na akitia, atie vipi?

Alama ya mwenye mali si jambo geni kwetu. Mama zetu walipokwenda dukani waliitambua kanga bora kwa maandishi ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", chapa ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa. Mafundi wa karatasi wa Fabriano, huko Italia, walianza kutia alama ya maji katika karatasi zao tangu karne ya 13. Na mwenye studio wa zamani alipiga muhuri wake nyuma ya kila picha aliyoisafisha. Picha ya kidijitali haina mgongo wa kupigwa muhuri. Hapo ndipo ilipoanza taabu.

Kisheria, picha isiyo na alama si mali ya kila mpita njia. Mkataba wa Berne wa 1886, kwa marekebisho yaliyofanywa Berlin mwaka 1908, umeweka wazi kwamba haki ya mtunzi haitegemei kuandikishwa wala kutiwa alama. Tanzania ilijiunga na Mkataba huo mwaka 1994, na Zanzibar inayo Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Lakini Mkataba huo huo unasema kwamba yule ambaye jina lake limo katika kazi kwa namna ya kawaida ndiye atakayehesabiwa kuwa mtunzi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi alama haizai haki. Alama huileta haki mbele ya hakimu ikiwa na shahidi wake.

Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba jina litiwe, ila litiwe kwa busara. Jina kubwa lililopita juu ya uso wa bibi arusi huiharibu kazi ambayo lilikusudiwa kuilinda. Jina lililobanwa pembeni kabisa hukatwa kwa mkasi mmoja. Liandikwe dogo, lisomeke, pamoja na mwaka, mahali ambapo anayelikata ataikata picha yenyewe. Pia mpiga picha aiamuru kamera yake iandike jina lake ndani ya faili, ingawa ajue kwamba mitandao mingi ya kijamii huyafuta maelezo hayo. Muhimu kuliko yote, atoe hadharani nakala ndogo tu, na faili la asili, lenye ukubwa wake kamili, alihifadhi nyumbani. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba kompyuta inaweza kuiondoa alama inayorudiwa kwa namna moja juu ya picha nyingi, na programu za leo ni hodari zaidi. Mwizi anaweza kuifuta alama, lakini faili la asili hanalo.

Sasa tunawageukia wahusika maofisini. Haifai hata kidogo ofisi ya umma kulikata jina la kijana na kupachika nembo yake mahali pale. Kufanya hivyo ni kutia sahihi juu ya jasho la mtu mwingine. Kila ofisi inayotumia picha iombe ruhusa, ilipe inapopasa, na iandike chini yake jina la aliyeipiga. Picha za zamani zinapohamishiwa katika kompyuta, ziandikwe jina la mpiga picha na mwaka kila vinapojulikana. Nembo ya taasisi inayozihifadhi ikae nje ya picha, kwani mwenye kuhifadhi si mwenye kutunga.

Nao wapiga picha wakumbuke kwamba jina lao juu ya picha haliwapi idhini ya kuuza sura ya mtu. Mama anayevuna mwani naye ana heshima yake, aombwe kwanza.

Visiwa hivi vinatangazwa duniani kote kwa picha. Ni haki mikono iliyozipiga ijulikane, na ni wajibu wa kila ofisi kuanza na picha inayofuata.