Kabla ya kuchangia kisima, uliza fundi ni nani

Umeshaiona ile video, na kama hujaiona leo utaiona kesho. Mtoto anachota maji ya rangi ya chai kwenye shimo la mto uliokauka, muziki wa huzuni unapigwa, halafu inatokea nambari ya kutuma pesa. Unatuma soo moja kwa M-Pesa, unasambaza kwa grupu, unaendelea na hustle zako. Baadaye inakuja video ya pili: mashine inachimba, maji yanaruka juu, kina mama wanapiga vigelegele. Sasa nikuulize, video ya tatu umewahi kuiona? Ile ya miaka mitatu baadaye?

Hiyo hakuna mtu hurekodi.

Sisemi usichange. Mkono wetu si mzito. Mwaka 2011, ukame ulipobana Turkana na kaskazini kote, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500 na lengo likapitwa, zikiwemo shilingi ndogo ndogo za watu wa kawaida kama wewe. Shida yangu ni kwamba tumefundishwa kununua kisima tu, na kisima bila fundi ni shimo.

Chukua bomba la mkono aina ya Afridev, lile utakalolikuta ushago kwingi. Majaribio yake yalifanywa hapa kwetu Kwale, miaka ya 1980. Lilibuniwa ili wanakijiji wenyewe walifungue na kubadilisha vipuri vinavyochakaa, hasa raba na bushi. Na zinachakaa, hakuna ajabu hapo, hata boda hubadilisha breki. Lakini kama duka la vipuri liko mbali, kamati ya maji haina doo na aliyefunzwa kutengeneza amehamia Nairobi kutafuta kazi, raba moja ya bei nafuu inaangusha mradi uliokula mamilioni. Watafiti wamekadiria kwa miaka kwamba kusini mwa Sahara karibu bomba moja kati ya kila manne huwa halifanyi kazi. Bomba likifa, mama anarudi kule kule mtoni na mtungi mgongoni. Anarudi pia akiwa haiamini kamati, na siku nyingine akiambiwa atoe shilingi hamsini za matengenezo atakataa. Utamlaumu?

Kitu cha kuudhi ni kwamba jibu lilishapatikana, tena si mbali. Kule Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo kwenye mipini ya bomba. Kifaa kinahesabu mpini unavyosogea, kisha kinatuma ujumbe kupitia mtandao wa simu. Bomba likinyamaza, fundi anajua na anapanda pikipiki. Muda wa kijiji kukaa bila bomba ulishuka kutoka karibu wiki nne hadi chini ya siku tatu. Wiki nne! Kazi hiyo ndiyo ilizaa FundiFix, kampuni ya mafundi inayohudumia Kitui na Kwale. Wanakijiji hulipa kidogo kidogo, na mfuko maalum hujazia pengo. Hakuna machozi, hakuna utepe wa kukatwa. Pengine ndiyo maana hujawahi kuona challenge yake TikTok.

Mwezi Novemba 2023 Mmarekani MrBeast alipotoa video ya visima 100 barani Afrika, Kenya ikiwemo, tulizozana siku kadhaa kama ni msaada au ni aibu kwa serikali. Mimi naona tulizozania kitu kisicho cha maana sana. Swali la kuuliza lilikuwa nani analipia matengenezo, na wachache waliuliza.

Kuna jingine. Kupata maji chini si kupata maji ya kunywa. Mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza ziwa kubwa la maji chini ya ardhi kule Lotikipi, Turkana, na nchi ikashangilia. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha chumvi nyingi mno. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa maji ya visima yana floridi, ile inayowaachia watu meno ya kahawia na, ikizidi, kuharibu mifupa. Mchangishaji anayekuonyesha maji yakiruka bila kukuonyesha majibu ya maabara amekuonyesha nusu ya habari.

Na kaunti isijifiche nyuma ya wafadhili. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji zimo mikononi mwa kaunti. Wewe unayenunua mtungi Pipeline mifereji ikikauka unaijua hasira hiyo vizuri. Basi mheshimiwa akija kuzindua kisima kilichochimbwa kwa soo zako, muulize bajeti ya vipuri iko ukurasa gani.

Kwa hivyo wakikutumia tena nambari, andika hapo chini, kwa heshima: maji yamepimwa na nani? Fundi yuko wapi? Kamati inakusanya ngapi kwa mwezi, na nani anashika hesabu? Wakijibu, tuma. Na kama grupu lenu lina watu ishirini, waulize kama mnaweza kutoa shilingi hamsini kila mmoja, kila mwezi, za vipuri tu, kwa bomba ambalo tayari limesimama.