Nani Alikuambia Wewe Hulipi Ushuru?

Wiki jana nilikuwa kwa kinyozi mtaani nikingoja zamu yangu. Redio ilikuwa inaongea siasa kama kawaida. Mtangazaji akataja maandamano ya Juni 2024, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti akacheka, povu likiwa bado shavuni. "Hawa vijana," akasema, "wanapiga kelele juu ya ushuru na hata hawalipi. Huna kazi, huna payslip, ushuru gani unaoulizia?"

Kinyozi akaendelea na kazi yake. Tulikuwa vijana wanne kwenye benchi na hakuna aliyejibu. Mimi nilinyamaza kwa sababu ni mzee, halafu pia, niseme ukweli, kwa sababu kwa dakika moja nilimwamini.

Mimi ni msee wa kuungaunga. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo iliponishinda. Leo nahariri video za watu, naandika, na siku zingine namsaidia binamu yangu kwenye duka lake la vifaa vya simu. Payslip sijawahi kuiona ikiwa na jina langu. Kwa hivyo mzee aliposema vile, kuna kitu ndani yangu kilikubali. Kweli, mimi ni nani wa kuuliza pesa za serikali zinaenda wapi?

Nilipofika kejani nikafungua simu nikaandika kila kitu nilichonunua siku hiyo. Hebu tuhesabu pamoja, halafu wewe nenda uhesabu yako.

Asubuhi nilinunua bando ya shilingi 50. Simu na data hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, halafu VAT ya asilimia 16 inawekwa juu yake. Ukipiga hesabu vizuri, kwenye hiyo 50 karibu shilingi 12 ni za serikali kabla hujafungua meseji hata moja. Mchana nikanunua sabuni ya kufua ya shilingi 60. Hapo VAT ni kama 8. Jioni stima ikaisha, nikanunua tokeni za 100, na VAT peke yake ikala zaidi ya 10.

Jumla tayari ni shilingi 30 na ushee. Sijahesabu ada niliyokatwa nikimtumia mamangu pesa kwa simu, ambayo tangu 2023 ina ushuru wa asilimia 15 ndani yake. Sijahesabu nauli pia. Mwaka huohuo wa 2023, VAT ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwaka uliofuata ada ya kukarabati barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Unadhani mwenye matatu anailipa hiyo kutoka mfukoni mwake? Anailipa kutoka mfukoni mwako, ukiwa umekaa kiti cha nyuma ukisikiliza muziki.

Siku hiyo nilikuwa nimepata shilingi 500.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hiyo 30. Mbunge wako anapata zaidi ya shilingi 700,000 kwa mwezi, kabla ya marupurupu. Gawa kwa siku 30, ni zaidi ya 23,000 kila siku, hata Jumapili akiwa amelala. Akinunua ile bando yangu, ile sabuni yangu na zile tokeni, atalipa shilingi 30 zilezile. Kwangu mimi hiyo ni asilimia 6 ya siku nzima ya kuhangaika. Kwake yeye haifiki hata robo ya asilimia moja. Kaunta ya duka haiulizi nani amekula na nani amelala njaa.

Kuna mtu atasema, lakini mheshimiwa anakatwa PAYE, na anakatwa nyingi. Ni kweli, na ndivyo inavyofaa kuwa. PAYE hupanda kadiri mapato yanavyopanda. Anayepata kidogo anakatwa kidogo au hakatwi kabisa, anayepata nyingi anakatwa nyingi. VAT haina hiyo huruma. Kwa hivyo kila mara serikali inapokwama na kukimbilia vitu ambavyo kila mtu hununua, jua mzigo umesukumwa kwa mwenye mgongo mdogo. Na hilo si suala la uchumi wa vitabu pekee. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Inasema pia kuwa mizigo na manufaa ya mikopo ya umma yagawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vijavyo. Deni la taifa lilivuka shilingi trilioni 10 mwaka wa 2023. Wengi wetu tulikuwa bado hatujapata kitambulisho wakati sehemu kubwa ya hizo pesa ikikopwa. Tutakaolipa ni sisi.

Na tafadhali usikubali mtu akuambie kwamba kuuliza mambo ya ushuru ni tabia ngeni iliyoletwa na TikTok. Mwaka wa 1922 kulikuwa na kijana wa Nairobi, hajafika hata miaka 30, aliyefanya kazi ya kupokea simu katika idara ya hazina ya serikali ya kikoloni. Aliitwa Harry Thuku. Alisimama akapinga ushuru wa nyumba uliokuwa umepandishwa, akapinga kipande, akapinga kukatwa kwa mishahara ya Waafrika. Wakamfukuza kazi, kisha Machi mwaka huo wakamtia ndani. Watu walipokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, hapo karibu na ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, polisi wakafyatua risasi. Hata hesabu ya serikali yenyewe ilikubali kuwa watu 21 walikufa. Mmoja wa waliouawa ni Mary Muthoni Nyanjiru, aliyekuwa mbele ya wanawake waliokuja kumdai Thuku.

Wakati huo Waafrika walikuwa wamelipishwa ushuru kwa zaidi ya miaka 20. Unajua Mwafrika wa kwanza aliingia lini katika Baraza la Kutunga Sheria? Ni 1944, na alikuwa Eliud Mathu. Miaka yote hiyo walitoa pesa na hawakuwa na hata mtu mmoja wao wa kuuliza zinafanya nini. Sisi tuna wabunge wa kuwauliza. Hatuna sababu ya kunyamaza.

Juni 2024 hatukunyamaza. Mswada wa Fedha ulikuja ukitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 wa magari kila mwaka, pamoja na mengine mengi. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la. Barabara zilikuwa zimejaa, Bunge likavamiwa, risasi zikalia. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu angalau watu 60 waliokufa katika maandamano ya mwaka huo. Ukinunua mkate leo, kumbuka kuna mtu alilipia bei hiyo na hakurudi nyumbani.

Lakini pia kumbuka kilichofuata. Ile ada ya barabara niliyotaja, ya kutoka 18 hadi 25, iliingia wiki chache tu baada ya mswada kutupwa. Haikuhitaji Mswada wa Fedha. Desemba, sheria nyingine ya marekebisho ya ushuru ikapitishwa, ikiwa na baadhi ya mapendekezo yaliyofufuliwa kutoka kwenye ule mswada. Je, uliandamana Desemba? Mimi sikuandamana. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nasaka pesa za Krismasi, na kusema kweli hata sikusoma ile sheria. Wakubwa walijua tutachoka. Hawakuwa na haraka.

Hapo ndipo ninapotaka kuongea na wewe vizuri, kwa sababu kuna maneno nayasikia sana mtaani: "Ushuru wote ni wizi, kila mtu akwepe." Sikubaliani nayo. Nikwambie kwa nini.

Mimi niliingia darasa la kwanza baada ya 2003, baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi za umma. Mamangu alikuwa akifulia watu nguo. Kama angehitajika kulipa karo ya wanawe wote, nina uhakika mmoja wetu angebaki nyumbani, na mimi ndiye mdogo. Miaka minane nilisomeshwa na ushuru. Kuna mtu alinunua sabuni mahali fulani, akalipa VAT yake, na mimi nikajua kusoma na kuandika. Haya maneno unayosoma yalilipiwa na watu nisiowajua. Halafu nilipofika chuo, msaada ukawa mdogo kuliko gharama, deni la karo likakua, na siku moja sikurudi.

Kwa hivyo mtu akiniambia ushuru ni mbaya namwambia hapana. Ushuru ulinipeleka shule. Ninachokataa ni kuona Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akitoa ripoti mwaka baada ya mwaka kuhusu pesa zisizojulikana zilikokwenda na miradi iliyolipiwa ikakwama, halafu serikali inarudi kwa mama mboga kuomba zaidi. Ukwepaji wetu hauwaumizi wao. Wana hospitali za kibinafsi na watoto wao wako shule za kulipia. Ushuru ukikosekana, anayekosa dawa ni shangazi yako kwenye foleni ya hospitali ya kaunti.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo manne ambayo hayahitaji uwe na digrii. Mimi mwenyewe sina.

Kwanza, jua kalenda. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Mei kamati ya Bunge huita maoni ya umma, Juni unapigiwa kura, na Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza. Tukianza kelele wiki ya mwisho ya Juni, tunakuta chakula kimeshapakuliwa. Tuma maoni Mei. Ukurasa mmoja unatosha: taja kifungu, sema kinakuumiza vipi, sema unataka nini. Barua pepe inatumwa kwa bando ileile uliyolipia ushuru.

Pili, fuatilia wadi yako. Kaunti nayo hukusanya ada na kupanga bajeti, na mikutano ya maoni huitishwa karibu na kwako. Mara nyingi hujaa wazee na watu waliobebwa na diwani. Nendeni watatu au wanne, ulizeni swali moja: ule mradi wa mwaka jana uko wapi? Kama hawajibu, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali. Iombe kwa maandishi.

Tatu, jua mbunge wako alipiga kura vipi. Usiridhike na alichosema kwenye mazishi Jumamosi. Uliza alichosema Bungeni siku ya kura.

Nne, jiandikishe kupiga kura. Najua, umesikia hii mpaka umechoka. Lakini tazama: 2022 kulikuwa na wapigakura zaidi ya milioni 22 kwenye sajili. Tofauti kati ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa kura 233,211. Zaidi ya watu milioni 7 waliojiandikisha hawakupiga kura kabisa. Na IEBC ilisema vijana wa chini ya miaka 35 hawakufika asilimia 40 ya waliojiandikisha, idadi yao ikiwa imeshuka kuliko 2017. Hizo ni namba zetu. Sikwambii umchague nani. Nakwambia wabunge 195 hawakuanguka kutoka mbinguni, na 2027 watarudi mtaani na leso na kofia wakiuliza habari ya mama.

Maandamano ni haki yetu, Kifungu cha 37 kinasema hivyo, na siku yakihitajika tutatoka. Lakini kuandamana siku moja kwa mwaka na kulala siku 364 ndiko kunakowapa nafasi ya Desemba.

Kuhusu yule mzee, nimemfikiria sana. Si adui yetu. Wembe uliomnyoa una VAT. Ile nauli ya kurudi kwake ina VAT ya petroli ndani yake. Yeye naye amelipa maisha yake yote, na kuna mtu alimfundisha kwamba bila payslip huna haki ya kuuliza. Labda aliamini hivyo hata siku ambazo yeye mwenyewe alikuwa hana kazi.

Nywele zangu zitakuwa zimeota tena baada ya wiki mbili. Ile orodha bado iko kwenye simu. Nikimpata pale nitamwamkia, nitakaa karibu naye, nimwambie, "Mzee wangu, hebu tuhesabu yako pia."